Ndoo Iliyogoma Kusonga

Jumanne, tarehe tisa Septemba. Manyunyu yalianza kabla ya mapambazuko, yakakoma, yakaanza tena, kama mgeni asiyejua aage au akae. Kinyozi alifungua mlango wa duka lake, akatoa kiganja nje, akasema mvua hiyo haina nguvu hata ya kulowesha leso. Kisha akapiga magoti kando ya kiti cha kunyolea, kama afanyavyo kila asubuhi, akasali. Aliwaombea wateja. Aliiombea nchi. Aliyaombea magoti yake yamvumilie mpaka Siku ya Ndoo ipite. Mwishoni akamwomba Mungu amlainishe moyo fundi viatu. Moyo wake mwenyewe hakuutaja. Aliuona uko sawa.

"Amina," ikasema sauti nyuma ya pazia. "Ila Babu, kuna mtu umemsahau."

"Nani?"

"Wewe."

Huyo alikuwa mjukuu wake wa kike. Mtaa mzima ulimwita Chiriku, maana tangu alipojua kusema hakuwahi kuupumzisha mdomo. Siku hiyo ya Ndoo alitakiwa kurithi nafasi ya babu yake mstarini, na hilo ndilo jambo kinyozi alilolitamani kuliko yote. Daktari alikwisha kumwambia kwamba magoti yake hayatasimama tena mwaka ujao. Nafasi isiyo na mrithi huzibwa: wa kushoto na wa kulia husogeleana, na habari yako ikaishia hapo. Na Chiriku alikuwa amekataa.

Mstari wenyewe ulikuwa hivi. Zamani, kinyozi akiwa kijana asiye na hata ndevu za kunyoa, treni iliyojaa watu wa kila pembe ya nchi iliacha reli nyuma ya mtaa huu, ikashika moto. Uchaguzi ulikuwa umepita punde tu, na watu wa kaskazini na wa kusini walikuwa hawaazimani hata kiberiti. Siku ile walipanga mstari kutoka kisimani hadi relini, wakapokezana ndoo za maji. Moshi ulikuwa mzito, hakuna aliyemwona jirani yake, na ndoo ziliponyoka hovyo, mpaka mtu mmoja akapaza sauti: "Usiachie mpaka mwenzako aseme nimepokea!" Waliokufa walikuwa wengi. Waliotolewa hai walikuwa wengi pia, na hakuna aliyewauliza wametoka wapi. Tangu hapo, kila mwaka, Siku ya Ndoo, nchi nzima hupanga mstari na kupokezana ndoo. Mtaani kwao kila mtu husimama palepale aliposimama siku ile au aliposimama mzazi wake, na sheria ni ileile: huachii mpaka usikie neno.

Kinyozi, mtu wa kusini, alipokea ndoo kutoka kwa fundi viatu, mtu wa kaskazini. Tangu siku ile wakawa chanda na pete. Huyu alimnyoa yule, yule akamshonea huyu viatu, na wakataniana mpaka wateja wakasahau kilichowaleta.

Kisha ng'ambo ya barabara ikafunguliwa saluni mpya yenye kiti kinachozunguka. Siku moja fundi viatu akapita akiwa amenyolewa, upara unang'aa.

"Nilitaka kuzungushwa kidogo tu, bwana," alijitetea.

"Hata feni inazunguka," kinyozi akamjibu. "Si ungeenda kunyolewa na feni!"

Mpaka hapo ulikuwa utani. Lakini fundi viatu alicheka mno, na kinyozi akapandwa na hasira. "Nyinyi watu wa kaskazini ndivyo mlivyo," akasema.

Fundi viatu akaacha kucheka, akaondoka bila kuaga. Kinyozi naye, kuonyesha kwamba hamhitaji, alinunua ndala za plastiki, akazivaa hata siku za ibada.

Chiriku alikuwepo, akifagia nywele. Wiki iliyopita, alipozidiwa mbio na mjukuu wa fundi viatu, ambaye ndiye shoga yake wa kufa na kuzikana, alimtupia maneno yaleyale, neno kwa neno. Shoga yake akahamisha mkoba, akaenda kukaa dawati jingine. Mwalimu alimuuliza Chiriku kayatoa wapi maneno hayo. Chiriku akaficha uso kwenye daftari.

"Nafasi yako naitaka, Babu," alimwambia sasa, akifunga kamba za viatu. "Ugomvi wako ndio sina pa kuuweka."

"Watoto hawaelewi mambo ya wakubwa."

"Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka shoga yangu akanihama dawati."

Mchana manyunyu yalikatika. Mstari ukapangwa, wazee mbele, warithi nyuma yao, na wanafunzi wengine wakajipanga pembeni na mwalimu wao kutazama. Chiriku alikuja, akasimama nyuma ya babu yake mikono imefungwa kifuani. Nyuma ya fundi viatu alisimama mjukuu wake. Hawakutazamana.

Ndoo ikaondoka kisimani. "Pokea!" "Nimepokea!" "Pokea!" "Nimepokea!" Ikamfikia fundi viatu. Fundi viatu akamgeukia kinyozi.

"Pokea."

Kinyozi akashika mpini. Akafumba mdomo.

"Pokea, mzee mwenzangu."

Ndoo ikaning'inia kati yao, maji yakichuruzika juu ya zile ndala.

"Wazee wangu," mwalimu akauliza kwa adabu, "imekwama?"

"Haijakwama," fundi viatu akajibu. "Imenuna. Na mimi siachii, sheria ni sheria."

"Huku kwetu treni bado inaungua!" akapiga kelele mama mshona nguo kutoka mwisho wa mstari. Watu wakaangua kicheko. Mwingine akashauri wamwagiwe wote wawili, ndoo irudi kujazwa upya.

Watoto nao wakanogewa. Mmoja akapiga makofi: "Babu wa kusini, kaza!" Mwingine akaitikia: "Wa kaskazini, usilegee!" Kufumba na kufumbua wanafunzi walikuwa wamegawanyika makundi mawili, wakirukaruka na kucheka: kusini, kaskazini, kusini, kaskazini.

Kicheko cha wakubwa kikafa. Mama mshona nguo akaziba mdomo kwa mkono. Kinyozi alizisikia kelele hizo, na masikio yake yakazitambua. Ndizo zilizopigwa mtaani humu wiki zile kabla ya treni. Watoto hawakuwa na ubaya wowote. Walikuwa wanacheza na walichopewa.

Akageuka. Wasichana wawili tu ndio hawakupiga kelele, Chiriku na shoga yake, kila mmoja akitazama chini.

"Mungu wangu," kinyozi akanong'ona, "kumbe ni mimi." Kisha kwa sauti: "Nimepokea."

"Sijasikia," fundi viatu akasema.

"Nimepokea, bwana wee!"

"Umepokea nini?"

"Ndoo. Na kosa, nalo ni langu."

Fundi viatu akaachia taratibu. "Ungesema mapema," akanung'unika, akifuta macho kwa mkono uliolowa. "Mabega yamekufa ganzi."

Watoto wakasogea karibu wasikie. Kinyozi akamgeukia mjukuu wake. "Pokea, mama."

Chiriku akashika mpini kwa mikono miwili. Hakusema kitu. Chiriku, wa kunyamaza!

"Pokea, mjukuu wangu. Nakuomba."

"Bado, Babu. Ahidi kwanza. Kwa sauti, wote wasikie."

Kinyozi akautazama mstari mzima, kutoka kisimani mpaka relini. Hakuiachia ndoo, maana sheria ni sheria. Akapaza sauti:

"Mbele ya Mungu, na mbele ya fundi viatu, na mwalimu, na nyinyi watoto wote! Naahidi kwamba nikigombana na mtu nitagombana naye peke yake, sitagombana na watu wa kwao. Kesho asubuhi nitakuja darasani kwenu, nitawaeleza nilichosema, na maneno ya namna hiyo yalitufikisha wapi zamani. Na yeyote akinisikia nimeyarudia, hata awe wa darasa la kwanza, ana ruhusa ya kuninyamazisha hadharani!"

"Nimepokea!" Chiriku akajibu, na babu yake akaiachia ndoo.