Kolekole wa Mtaa Mzima

Gaudens alipomwona yule samaki, kolekole, mara ya tatu, moyo ulimlipuka paa.

Kazi yake Temeke ilikuwa kupima chakula cha watu. Daktari mmoja Mwingereza alitaka kujua watoto wa huku wanakula nini, na wakionekana wanakula kidogo, aiombe serikali maziwa. Basi Gaudens, kijana wa Bukoba aliyeajiriwa kwa utafiti huo, alizunguka nyumba kwa nyumba na mizani, akipima kila kitu kabla hakijaingia chunguni. Na jamani, watu walikuwa wanakula! Mchele, nazi, samaki wa kushiba. Alistaajabu, lakini akaandika.

Sasa yuko jikoni kwa Bi Tabu, na kolekole aliyelala kwenye ungo ana mkia uliochanika. Jana alikuwa kwa jirani, Mwanakombo. Juzi alikuwa nyumba ya nyuma. Leo, pamoja na chumvi yote aliyopakwa, ananuka.

"Mama," Gaudens aliuliza taratibu, "huyu samaki naye ni mgeni kama mie?"

Bi Tabu alicheka mpaka akakaa chini, halafu machozi yakamtoka. "Mwanangu, mgeni anakuja kukuchungulia chunguni, utamwonyesha kisamvu kitupu? Tumechanga mtaa mzima kumnunua huyu. Na wala hatujamla. Tumechoka."

Gaudens alifungasha mizani yake akiwaza. Akinyamaza, taarifa itasema watoto wa Temeke wameshiba, na maziwa hayaji ng'o. Akisema, ataonekana mzembe aliyechezewa na akina mama, na kazi itaota mbawa. Alikwenda ofisini, akaeleza yote bila kuficha, hata harufu.

Daktari alizifunua karatasi za Gaudens moja moja.

"Hazifai hata moja?"

"Hata moja, bwana."

"Basi anza upya. Afadhali umesema kabla sijazipeleka."

Gaudens alitoka nje, akaegemea ukuta, akacheka peke yake kama mwehu. Alikuwa ameutua mzigo.

Kesho yake Bi Tabu hakumtolea kiti cha mgeni. Alimsogezea kigoda palepale jikoni, akaweka mbele yake muhogo na fungu la kisamvu. Mshale wa mizani ulisogea kidogo tu. Gaudens aliuliza kolekole yuko wapi.

"Tumemzika," alisema Bi Tabu, naye alionekana mwepesi kama aliyevua viatu vya kubana. Kisha akauelekezea kidole ule mshale. "Haya, andika. Andika hivyohivyo, usituongezee."