Nyayo Chini ya Udongo

Meja hakuomba kazi alipostaafu jeshi. Kazi ndiyo iliyomfuata. Kampuni moja ya vifaa vya ulinzi ilitafuta mhandisi anayejua mabomu ya kutegwa ardhini, na yeye alikuwa ameyategua kwa miaka ishirini na miwili bila kupoteza hata ukucha. Walimpa meza ghorofa ya nne, kiti kinachozunguka, na kadi ya kuning'iniza shingoni kama kengele ya mbuzi. Cheo alikirudisha pamoja na sare, lakini jina la Meja likamng'ang'ania.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa. Mashine ya magurudumu ilipita kwenye kiwanja kilichowahi kuwa uwanja wa vita, ikapiga picha za chini ya udongo. Picha zilikuja kwenye kompyuta, Meja akazikagua, akatia sahihi kwamba ardhi ni salama. Basi. Mkewe alifurahi hadi akanenepa. "Sasa nina mume," aliwaambia ndugu zake. "Zamani nilikuwa naazima tu."

Asilolijua mkewe ni kwamba Meja hakuacha jeshi kwa uchovu. Kikosini kwao palikuwa na desturi isiyoandikwa popote: anayetia sahihi ndiye anayetangulia kukivuka kiwanja, kwa viatu vya kawaida, bila vazi la kinga, wenzake wakitazama. Kama unaogopa kupita, basi hukusafisha. Siku moja Meja alitia sahihi, kisha woga ukamshika. Akajifanya ana simu ya wakubwa. Sajenti wake, mtu wa mizaha aliyetembea huku mguu wa kushoto umegeukia nje, akamwambia, "Ongea na wakubwa, kaka. Mimi nitakuvukia." Alipiga hatua thelathini na moja; ya mwisho ikakanyaga bomu. Tangu hapo Meja hakuvuka kiwanja chochote, na ile kazi ya mezani aliipokea kwa mikono miwili.

Kiwanja cha kwanza kilikuwa cha shule. Watoto walikwisha kuandikishwa, na meneja alitaka sahihi kabla ya Ijumaa.

Jumatatu picha zilikuwa safi, ila karibu na uzio wa mashariki Meja aliona alama sita zimefuatana. Akamwita mtaalamu wa picha, binti mwenye miwani aliyekaa meza ya jirani.

"Mawe hayo, mzee," binti alisema. "Usijisumbue."

Jumanne alama zilikuwa kumi na nne.

Binti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mashine imepita njia ileile. Jana hazikuwepo hizi."

"Ni nyayo," Meja alisema.

"Nyayo zinakuwa juu, mzee. Hizi ziko nusu mita chini. Nani anatembea huko?"

Meja aliinamia kompyuta. Alikuwa akitazama alama za kushoto. Zote zilikuwa zimegeukia nje. Vinyweleo vilimsimama, mchana kweupe, simu zikilia na watu wakicheka kule kwenye mashine ya kahawa.

Jumatano zilifika ishirini na tatu. Alhamisi asubuhi zilikuwa thelathini, na ya mwisho ilikuwa pale ambapo ramani ilionyesha darasa la kwanza. Meja alizihesabu mara tatu, midomo ikimkauka.

"Mashine hii inaaminika mpaka kina gani?" aliuliza.

"Sentimita thelathini. Chini ya hapo haitakiwi kuona kitu."

"Na kiwanja kilisawazishwa lini?"

Binti alipekua faili, kisha akashika kichwa. Kiwanja kilikuwa na bonde, na mjenzi alikwisha kulijaza udongo wa malori mwezi mmoja kabla mashine haijaletwa. Wiki nzima walikuwa wakikagua udongo mgeni, ambao hakuna askari aliyewahi kutega kitu ndani yake. Ardhi yenyewe ilikuwa chini yake, na huko ndiko sajenti alikokuwa akitembea.

Meneja alisikiliza huku akitazama saa. "Meja, mashine imesema safi. Unaniambia kuna pepo?"

"Nakwambia udongo utolewe wote."

"Hiyo ni wiki tatu! Ukikataa, wako watakaotia sahihi."

"Watie. Ila waambie watangulie kupita wao, na wewe uwafuate nyuma."

Meneja alichukua simu, akaita malori. Udongo ukatolewa.

Bomu lilikutwa hatua moja mbele ya alama ya thelathini, la plastiki, dogo kama kopo la dawa ya viatu. Wategaji wa zamani walilificha vizuri. Kikosi cha wateguaji kililitoa, Meja akiwa nje ya uzio.

Mashine ikapitishwa upya juu ya ardhi tupu. Kwa macho, ardhini hapakuwa na alama hata moja. Lakini kwenye kompyuta nyayo zilianza tena pale bomu lilipotolewa, zikaenda moja kwa moja.

"Zimefika uzio wa magharibi," binti alinong'ona. "Zimetoka."

"Amevuka," Meja alisema, akalia mbele ya binti wa watu bila haya yoyote.

"Nani, mzee?"

"Aliyenivukia."

Picha hazikuonyesha bomu lingine, na meneja akaleta fomu. Meja akatia sahihi, kisha akampigia mkewe simu, akamweleza lile la simu ya uongo na la sajenti, bila kujitetea. 

"Nielekeze hicho kiwanja," mkewe alisema. "Nitasimama upande wa pili."

Saa kumi alasiri Meja aliingia kwa lango la mashariki, akiwa na viatu vya ofisini. Ng'ambo, mkewe alisimama na mkoba wake kando ya binti na meneja, amekaza macho. Meja alihesabu. Alipofika thelathini alisimama, jasho likamtiririka mgongoni. Mbele yake hapakuwa na mtu; aliyeweza kumvukia alikwisha kupita.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema kwa sauti, wote wakamsikia. "Ilikuwa zamu yangu."

Akainua mguu, akakanyaga.