Vinundu Vyeupe

Hija ndiye aliyemzaba Ansbert kofi la kwanza, na alilizaba kwa roho yote. Shamba lake pale Mbagala, kunde zilizokuwa chakula cha wanawe, lilikuwa limepiga manjano. Mwaka ule ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa, na bei ya dukani imepaa haishikiki. Ndipo akatokea huyu mtu wa bara, mpole, aliyepunguzwa kazi huko maabara, anauza unga mweusi wa kuchanganya na mbegu.

"Humu mna bakteria," aliwaambia wakulima siku ile. "Wanaingia kwenye mizizi, inaota vinundu. Hewa tunayovuta imejaa naitrojeni, ila mmea hauwezi kuila hivihivi. Bakteria wana kimeng'enya kinachoivunja ikawa chakula. Pasueni kinundu. Mkikuta ndani chekundu kama nyama, jueni kazi inafanyika."

Wakamwamini, wakanunua, wakapanda. Wasimwamini vipi, mtu ana maneno ya kitabuni na miwani juu?

Sasa miwani ilikuwa chini, imekanyagwa. Baada ya kofi la Hija, waliokuwa nyuma hawakungoja kuambiwa. Fimbo za mgongo, mateke ya mbavu, na mpini wa jembe uliomshukia mkononi mpaka mfupa ukalia. Ansbert alijikokota hadi kwenye tuta, akang'oa mche wa kunde na kupasua vinundu kwa kucha za mkono uliobaki mzima.

"Jamani, vinundu vipo! Bakteria wako hai! Ila tazameni, ndani vyeupe. Kile kimeng'enya hakifanyi kazi bila chuma, na madini mengine kidogo sana, yanaitwa molibdenamu. Udongo huu una uchachu, umeyang'ang'ania hayo ya pili. Kosa langu, sikuupima. Nipeni nafasi niu..."

"Mara bakteria, mara madini!" alifoka Khalfani, mdogo wake Hija. "Dada yangu analala njaa, wewe unakuja kututungia majina!"

Khalfani alikuwa mchoma chokaa wa Kunduchi. Alikuwa akimjengea dada yake chumba, na tangu kiangazi alikuwa akizima chokaa kwenye shimo pembeni mwa shamba, nyuma ya lundo la mawe. Asubuhi ile alikuwa ametia mabonge mapya na kuyamwagia maji, na shimo lilikuwa linatokota. Akachota kwa kopo.

Hija aliona mdogo wake anakwenda kufanya nini. Neno "acha" lilikuwa mdomoni. Hakulitoa, kwa sababu wakati ule alitaka kabisa kumwona mtu huyu akiumia.

Chokaa ilimpata Ansbert usoni, macho wazi. Ukelele alioutoa uliwatawanya wote, hata walioshika mapanga. Khalfani alitupa kopo akakimbia, na Mbagala hakuonekana tena. Hija peke yake ndiye aliyebaki, akimmwagia ndoo ya maji huku analia. Hospitali walimwambia macho ya Ansbert basi tena.

Siku zikapita, na Hija hakuweza kulitazama lile shimo. Mwishowe alichukua jembe akalifukie. Alipozunguka lundo la mawe akasimama. Pale mvua ilipokuwa imesambaza maji ya chokaa, kunde zilikuwa zimestawi, kijani kibichi, zimeshaanza kutoa maganda. Aling'oa mche mmoja, akapasua kinundu. Ndani chekundu. Akaketi papo hapo kwenye udongo.

Ansbert alikuwa amepanga chumba Mabibo. Hija alimkuta kitandani, bandeji machoni.

"Nani?"

"Ni mie, Hija."

Ansbert alijisogeza ukutani, mkono mmoja umekinga uso. Hija aliomba radhi, akaomba tena. Kisha akakitia kinundu alichokuja nacho kiganjani mwa Ansbert.

Ansbert alikipapasa muda mrefu.

"Umekipasua? Rangi gani?"

"Nyekundu."

Uso wake ukachangamka ghafla, na Hija akaona afadhali angemtukana. "Si niliwaambia? Uchachu umepungua, madini yameachiwa! Bakteria wangu hawakuwa na kosa. Sasa mashamba ya wenzio wote yatapona, mama. Uliweka nini pale?"

Ansbert alikuwa akingoja, kageuzia uso mlangoni, mahali ambapo Hija hakuwepo.

"Niambie basi, uliweka nini?"

"Chokaa," alisema Hija.