Mapazia ya Bimkubwa

Bi Kijakazi alikuwa amekiinua kikombe cha chai kinywani alipoyaona mapazia vizuri. Kikombe kikabaki hapohapo, hakikwenda mbele wala hakikurudi.

"Arafa," alisema. "Kitambaa hicho umekitoa wapi?"

Arafa alitabasamu huku akitazama sakafu. Alikuwa na miezi minne tu tangu aolewe katika nyumba ile ya Kilindoni, na mtu akimsifu alikuwa hajui aiweke wapi mikono yake. Alidhani jirani anamsifu.

"Chumbani kwa mama, kwenye sanduku. Haruni alinambia kwa simu kuna mashuka ya zamani, nichukue."

"Sanduku lipi? La bati au la mbao?"

"La mbao."

"Yarabi stara!" Chai ikammwagikia Bi Kijakazi mapajani, wala hakuihisi.

Kwa siku kumi na mbili Arafa alikuwa amefurahi peke yake, kimyakimya. Mama mkwe wake, Bimkubwa, alikwenda Baleni kumwuguza dada yake. Haruni, mumewe, alikuwa kazini Ghuba ya Chole, kwenye boti za watalii, na hurudi mara moja kwa mwezi. Nyumba ikawa yake. Tangu aingie mle, maneno aliyozungumza na Bimkubwa yalikuwa yaleyale: shikamoo mama, abee mama, chakula tayari mama. Si kwamba mama alikuwa mkali. Ulimi wa Arafa ndio uliokuwa mzito. Basi akaona atamsemesha kwa mikono.

Mikono ilikuwa na la kusema. Chuoni, alikosomea ualimu wa chekechea, walifundishwa kutengeneza zana za darasani kwa vitu vya kuokota, na katika somo hilo hakuna aliyemshinda. Alipaka kuta chokaa. Alisugua vifuu kwa mchanga mpaka vikang'aa, akapanda maua ndani yake, akavitundika dirishani. Boya lililopasuka akaligeuza kifuniko cha taa. Kisha ikaja zamu ya mapazia. Kitambaa alichokikuta kilikuwa bafta nyeupe, safi, nyingi ajabu. Kilinuka dawa kali ambayo aliidhania ya kufukuza mende, akakifua mara tatu. Akakichemsha na magome ya mkoko kikatoka na rangi ya udongo mwekundu. Mwisho akakata bamia katikati, akawa anaichovya kwenye rangi ya boti ya buluu aliyoiacha Haruni koponi, na kuigonga juu ya kitambaa. Kila bamia ilipogonga, ua likabaki. Alishona pindo kwa mkono, mshono mdogomdogo, mikesha miwili mizima.

"Lile si shuka, mwanangu," Bi Kijakazi alisema polepole, kama mtu anayepita juu ya miiba. "Ile ni sanda yake."

Arafa alilishika pazia, akaliachia.

"Kila Shaabani huitoa akaianika uani. Mtaa mzima tunaijua. Wewe umeolewa baada ya Shaabani, ungejuaje? Marehemu mumewe alizileta mbili kutoka Makka, amezikosha kwa maji ya Zamzam. Ya mzee tulimzika nayo. Na hii..." Akaangalia maua ya bamia.

"Na ile dawa?"

"Kafuri. Ya maiti." Bi Kijakazi akajishika kifua. "Ngoja. Pamba je? Mlikuwa na furushi la pamba mle."

Macho ya Arafa yaliushukia mto aliokalia jirani, mmoja kati ya miwili aliyoijaza. Bi Kijakazi akayafuata yale macho, kisha akaruka kama aliyekalia siafu.

"Mama wee! Nimekalia pamba ya maiti na maiti mwenyewe mzima, yuko Baleni anakula mihogo!"

Wakati mwingine wangecheka. Arafa alikuwa ameshika ukuta.

"Hata kushona umeshona," Bi Kijakazi alinong'ona. "Sanda haitiwi pindo, hata moja. Sasa nisikilize. Vaa baibui, kimbia dukani kwa Masooma, bafta ipo. Kunja, tia sandukuni, funga. Mkweo macho yake siku hizi ni ukungu mtupu. Hatajua mpaka siku yake, na siku hiyo hataulizwa."

Arafa alikuwa hajanyanyua mguu pikipiki iliposimama nje.

"Hodi wenyewe!"

Bimkubwa aliingia na kikapu kichwani, akasimama kizingitini. Kikapu akakitua taratibu. Alizitazama kuta, akavitazama vifuu, akanyanyua uso kwenye lile boya.

"Nimeingia nyumba ya nani?" aliuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe? Peke yako?" Akazunguka chumba akipapasa ukuta kwa kiganja. "Kijakazi, unaona? Nami nilikuwa nikisema mwanangu kaniletea bubu! Tangu afe mzee sijagusa chumba hiki hata kwa ufagio wa buibui." Akayafikia mapazia, akayavuta karibu na pua yake kuyaona. "Na maua! Lo! Kijakazi, nenda kamwite Sabra na majirani wengine, waje wajionee mkwe."

Akaketi juu ya mto wa pili, akajinyoosha kwa raha. Bi Kijakazi akamfinya Arafa mkono: nyamaza.

Kunyamaza ndicho kitu pekee ambacho Arafa hakuwahi kujifunza, alizaliwa nacho. Lakini yale macho yenye ukungu yalikuwa yakimtazama kwa furaha, na kila neno la sifa lilimwingia kama wizi.

"Mama, mapazia ni sanda yako."

Bimkubwa akageuza uso kuyaelekea mapazia.

"Nilidhani shuka. Nimeichemsha, nimeikata, nimeishona. Na pamba... umeikalia, mama."

Bimkubwa hakuruka. Aliinuka pole, akiushika ukuta mpya. Akaenda chumbani kwake. Walisikia kifuniko cha sanduku kikifunguliwa, na baada ya muda mrefu kikishushwa. Mlango ukafungwa. Bi Kijakazi akachukua viatu vyake mkononi, akatoka bila kuaga.

Adhuhuri ikapita. Chakula kikapoa. Arafa alikuwa juu ya kigoda anafungua kamba za mapazia, machozi yakimdondoka kidevuni, mlango ulipofunguliwa.

"Yaache," Bimkubwa alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilishika simu nimwambie Haruni akurudishe kwenu. Nikaiweka. Nikaishika tena." Akavuta pumzi. "Kijakazi alikushauri unifiche. Namjua yule."

Arafa akashuka kigodani.

"Mimi sina binti. Ile nguo niliiweka kwa hofu, siku yangu ikifika watu wasije wakasimama mlangoni hapo wakiulizana nani aende dukani. Sasa utakwenda wewe. Kesho, kwa Masooma, kwa pesa yako. Na siku hiyo utaingia ndani na waoshaji, hutakaa uani."

"Mimi, mama?"

"Kuna mwingine humu?"

Akatandika mkeka katikati ya sebule, akalala chali, akaiweka mikono kifuani.

"Pima."

Arafa hakuwahi kumgusa zaidi ya kumbusu mkono. Alipiga magoti, akatanua kiganja, akaanza kwa shibiri kutoka utosini: shavu, bega, ubavu uliokuwa ukipanda na kushuka.

"Shibiri ngapi?"

"Nane... sijui. Nimepotea, mama."

"Anza upya. Na uongeze ya kufungia juu na chini, usije ukaniacha miguu nje."

Akaanza upya, safari hii kutoka miguuni. Alipoweka kidole chake kwenye unyayo, dole gumba la Bimkubwa likachezacheza. Arafa akapiga ukelele, akaanguka kwa nyuma.

Bimkubwa alicheka macho yakiwa yamefumbwa, akacheka mpaka mkeka ukatikisika.

"Bado nipo," alisema. "Pima."