Wa Nne Duniani

Kinyozi hakuwa na wivu, au ndivyo alivyosema mwenyewe. Alichokuwa nacho, kwa maelezo yake, ni heshima kwa neno "dunia."

Mdogo wake wa kike alikuwa fundi wa friji, mwanamke wa maneno machache. Mchana alishinda na bisibisi mfukoni, na jioni alikwenda kwenye bwawa la manispaa kucheza kisahani. Mchezo wenyewe ni wa watu wanne kwa wanne, wanawake na wanaume pamoja. Wanazama hadi sakafuni, kila mmoja na kifimbo chake, wanagombea kusukuma sahani nzito ya chuma hadi kwenye mfereji wa wapinzani. Mtazamaji haoni kitu. Anaona maji yanachemka, mara kisigino, mara kisogo cha mtu aliyekuja kuvuta pumzi, kisha ubao wa matokeo unabadilika na watu wanapiga makofi kwa imani tu.

Mwaka uliopita dada mtu na wenzake walikwenda ugenini wakarudi na ubingwa wa dunia. Mama yao akaitundika medali sebuleni, pale palipokuwa na picha ya kinyozi enzi zake akiwa golikipa wa akiba. Picha haikutupwa. Ilihamishiwa kwenye korido, karibu na mlango wa choo.

Tangu hapo kila mteja aliyempa hongera za dada yake aliulizwa swali lile lile.

"Nchi ngapi zilishiriki?" Kisha kinyozi alijijibu mwenyewe. "Nne, ndugu yangu. Hapo kwenye benchi mmekaa watano. Nyinyi ni wengi kuliko dunia."

Habari zilimfikia dada mtu. Jumapili moja, mezani kwa mama, alimuuliza, "Kaka, hizo nchi nyingine nani alizizuia zisije?"

"Hata mimi hakuna aliyenizuia kuwa mfalme," kinyozi akajibu. "Kutozuiwa si cheo."

Mama akawahimiza kula, chakula kinapoa.

Mwaka huu mashindano yakaletwa kwenye mji wao. Kinyozi alisema ana kazi nyingi, hataweza kwenda. Jumamosi asubuhi alikuwa anamnyoa mwalimu wa jiografia, keshamaliza upande wa kushoto, mlango ukafunguliwa. Dada yake akaingia na suti ya michezo, nywele zinadondosha maji.

"Kaka, nina shida."

"Nakusikiliza."

"Timu ya nchi aliyozaliwa mama imekuja na wachezaji wanne tu. Mmoja amekula kitu jana, leo hatoki chooni. Timu ya watu watatu hairuhusiwi kucheza. Na wakijitoa wao zinabaki nchi tatu, na sheria ya chama inasema chini ya nne hakuna ubingwa wa dunia. Inakuwa bonanza."

"Poleni sana," alisema kinyozi, na mashine ikaendelea kunguruma.

"Mtu ambaye mzazi wake kazaliwa kule anaruhusiwa kuwachezea. Mimi nachezea huku. Mtoto mwingine wa mama ni wewe."

Kinyozi akazima mashine. "Yaani nisipoingia majini, dunia inavunjika."

"Ndiyo."

"Siku zote nilisema ni dunia dhaifu."

"Kwa kweli dunia ina nchi karibu mia mbili," alisema mwalimu kutoka chini ya kitambaa, akitaka kusaidia, ingawa haikujulikana anamsaidia nani.

Kinyozi alikunja mikono. Alikuwa ameingojea saa hii mwaka mzima. "Kwanza kiri kwamba nchi nne si dunia."

"Nikikiri, unakuja?"

"Nakuja."

"Haya, nchi nne si dunia. Chukua kaptula yako."

Ushindi ulimfikia haraka mno, hakupata hata nafasi ya kuufurahia. Akatafuta kisingizio, akakosa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa ameshaanza kuyavulia kwa mdomo wake.

"Na kichwa changu?" mwalimu akauliza.

"Nitakumalizia alasiri."

Mwalimu akavaa kofia akawafuata. Hakutaka kusimuliwa.

Bwawani mama alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alipomwona mwanawe anatoka chumba cha kubadilishia na kofia ya mpira imembana mpaka nyusi zimepanda, akamgeukia mwalimu. "Huyu ataweza kuzuia pumzi? Tangu nimzae hajawahi kunyamaza dakika nzima."

Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya timu ya dada yake. Kinyozi akavuta pumzi, akazama, na kwa mara ya kwanza akauona mchezo aliokuwa akiucheka. Kule chini kulikuwa kimya. Aliona mtu anakuja amelala karibu na vigae, hana papara, kama anayetafuta skrubu iliyodondokea chini ya friji. Alikuwa mdogo wake. Alijifanya anakwenda kulia, kinyozi akaenda kulia. Sahani ikapita kushoto. Alirudi juu kuhema, akazama tena, akamkuta tayari anakuja mara ya pili. Katikati ya kuzidiwa huko likampitia wazo geni, kwamba huyu mtoto anajua. Akataka kulisema, akanywa maji.

Walifungwa kumi na moja bila. Mechi ya pili walifungwa tisa, na wenzake wakampigapiga mgongoni kama timu imepiga hatua. Ya tatu, dakika za mwisho, sahani ikamjia yenyewe. Hakuuliza. Aliisukuma kwa nguvu zote alizobakiza, akaona mfereji, akaitumbukiza, akaibuka na mikono juu. Jukwaa zima likasimama kushangilia.

"Amefunga?" mama akauliza.

"Amefunga, mama," alisema mwalimu, "ila kwenye mfereji wa kwao wenyewe."

Dada mtu na wenzake wakatwaa ubingwa tena. Kisha timu ya kinyozi ikaitwa mbele, kila mmoja akapewa cheti. Kinyozi alikisoma chake, akakikausha kwa taulo ingawa hakikuwa na maji, akakisoma tena. Kiliandikwa nafasi ya nne, mashindano ya dunia. Alimwomba mwalimu ashike pembe moja ili kisikunjike.

Njiani kurudi ndugu wawili walitembea nyuma ya mama. Kinyozi alikuwa anainamisha kichwa huku na huku kutoa maji masikioni.

"Ulipambana," alisema dada yake.

"Na wewe unajua," akajibu, haraka haraka, kama mtu anayelipa nauli. "Yule wa kulia kwenu hajui. Wewe unajua."



"Mwakani utafurahi," alisema dada mtu. "Kuna nchi mpya imeomba kuingia. Zitakuwa tano."

Kinyozi akasimama. "Hao wapya wanajua kuogelea?"

"Wanajua sana. Wamezaliwa ziwani."

Akakiangalia cheti chake. Wa nne katika wanne bado alikuwa wa nne, lakini hesabu ya watano hakuipenda.

"Wasiharakishwe," akasema. "Mchezo ukitanuliwa ovyo unapoteza heshima."

Dada yake aliangalia pembeni, mabega yanatikisika. Walipofika kwenye kona ya kwa mama, kinyozi akakohoa, kisha akauliza, kama anayemuulizia mtu mwingine, mazoezi ya jioni huanza saa ngapi.