Mafungu ya Bwana Shamba

Kila Ijumaa bwana shamba wa kata, Wilbert, alipita na baiskeli yake, na kila Ijumaa Filomena alimfungia fungu la mchicha kwa kipande cha kanga kuukuu. Ndiye aliyempimia yale matuta bondeni Temeke, chini ya kiwanda cha betri, mwaka ule wa kilimo cha kufa na kupona. Filomena hakuwa mchoyo wa shukrani.

Mwezi wa tatu Wilbert alichota udongo wa bondeni kwenye kopo, akaupeleka mjini kupimwa. Kila Filomena alipouliza, jibu lilikuwa moja.

"Majibu hayajarudi, mama. Wewe lima tu."

Akalima. Binti yake Anastasia alikuwa na mimba ya miezi saba, na kliniki walimwambia ale mboga za majani aongeze damu. Akawa anakula mchicha mchana na usiku.

Alhamisi moja, akikata nyasi karibu na daraja, Filomena aliona kitambaa chake mtaroni. Kisha kingine. Mafungu kumi na moja, na fundo ni lake. La juu lilikuwa bado na ukijani. Ya chini yalishaoza, vimebaki vitambaa. Alijiona mjinga, akakaa chini pale pale kwenye nyasi.

Kesho yake Wilbert alifika akitabasamu.

"Shikamoo, mama. Chama kimekuteua Mkulima Bora wa kata. Cheti hiki hapa."

"Marahaba. Karibu chakula." Akamwekea ugali na mchicha.

"Nimeshiba, mama."

"Tonge moja tu, baba."

Wilbert hakunawa. Filomena akavitandaza vile vitambaa mkekani, kimoja kimoja.

"Majibu yalirudi lini?"

"Mwezi ule ule," alisema, macho chini. "Sumu ya kiwandani imeingia kwenye udongo. Wakubwa waliniambia nisiseme. Mama, kile kiwanda ni chetu sote."

"Na tumbo la mwanangu?"

Anastasia alitoka ndani, akaiona sahani haijaguswa. "Bwana shamba hali? Basi nipe mie," akasema, akinyoosha mkono.

Wilbert alimtazama, akainuka kuiendea baiskeli. Filomena ndiye aliyeivuta sahani, akaing'ang'ania kifuani, mchuzi ukimchuruzika.

"Mwambie wewe," alisema.

Wilbert alikwishaishika baiskeli. Kamba ya keria alikuwa ameilegeza tangu alipofika, kama kila Ijumaa, tayari kwa fungu lake.