Nafasi Tano

Mwaka 1974, katika ofisi moja Kilosa, mimi Joha na mwenzangu Lupakisyo tulitumia taipureta moja. Yeye asubuhi, mimi mchana, tukichapa orodha ileile ya familia zilizohamishiwa vijiji vya ujamaa. Jina la baba lilianza pembeni. Majina ya mke na watoto yaliingia ndani kidogo, chini yake.

Mimi nilitega kituo kwenye mashine, kijipini cha kuisimamisha mahali pamoja kila mstari. Ukibonyeza kitufe mara moja tu, inaruka nafasi nane. Lupakisyo alijifunzia kazi kwenye mashine mbovu ya shamba la mkonge, kwa hiyo alibonyeza nafasi tano, mojamoja, akizihesabu kwa sauti, kwa Kinyakyusa. Kila asubuhi aliking'oa kituo changu. Kurasa zetu zilionekana kama zimechapwa na walevi.

Ijumaa nikamfokea mbele ya watu. "Unadonoa kama kuku! Umri wote huo, hufundishiki?"

Alinipisha kiti, akaondoka.

Jumamosi alifanya kazi peke yake, kisha akapanda lori kwenda kwao Tukuyu. Lilipinduka karibu na Mikumi. Tukamzika Jumapili.

Jumatatu nilikuta karatasi yake bado imo kwenye mashine. Kituo changu kilikuwa palepale nilipokitega. Ukurasa mzima uliingia nafasi nane, umenyooka kama mstari wa reli.

Nikaking'oa. Familia iliyofuata niliiingiza kwa kuhesabu, moja hadi tano, kwa Kinyakyusa. Ndicho Kinyakyusa pekee ninachokijua.